Taa Iliyosema Tosha

Wiki jana mliniacha juu ya ukuta wa afande mmoja mstaafu kule Mbuya, mguu mmoja ndani, mwingine nje, suruali imenaswa na vipande vya chupa, na mbwa wawili wananisubiri chini. Baadhi yenu mmetuma ujumbe kuuliza kama nilishuka salama. Mimi nilishuka. Suruali ilibaki.

Kwa mliojiunga leo: jina langu ni Sifuna, Mbukusu wa Bungoma, na nilikuja Kampala kuzifundisha mashine adabu. Yule afande alinunua geti la stima linalofunguliwa kwa rimoti. Rimoti ilikuja na batani nne. Mimi nikaona batani nne ni ushamba, nikaziunganisha zote kwenye batani moja. Ukibonyeza mara moja, geti lifunguke. Ukishikilia, lijifunge. Ukibonyeza mara mbili, king'ora kilie.

Sikufikiria kwamba mikono ya mzee hutetemeka. Jumapili ya kwanza alibonyeza mara moja, kwa hesabu yake yeye, na king'ora kikalia mpaka misa ikaisha bila yeye kutoka nje. Nilipoitwa nikamwambia maneno ninayowaambia wateja wote: "Afande, mashine haina kosa. Kosa ni la anayeitumia."

Ndipo mbwa wakafunguliwa.

Nikashuka mlima wa Mbuya nimejifunga sweta kiunoni, naapa kwamba sitagusa tena kitu chenye batani maisha yangu yote. Kiapo hicho kilidumu mpaka njaa iliponishika. Njaa ikanipeleka Katwe.

Pale Katwe, katikati ya kelele za nyundo, kuna mama mmoja wa Kiganda, Hajati Maimunah, mwenye karakana, aliyenipa kibarua; ulimini mwake r na l hubadilishana viti. Hajati hununua friji zilizokufa. Anazikata, anachomelea, anatia balbu na feni, na friji inatoka pale ikiwa mashine ya kuangulia vifaranga. Wateja wake wengi ni Wakongo, ambao huzivusha mpaka na kwenda kuziuza Beni na Butembo.

Mashine zake zilikuwa na taa mbili tu mbele, nyekundu na ya kijani, na hakuna hata herufi moja iliyoandikwa. Mimi nilipoona hivyo nikasikia mkono unaniwasha.

"Hajati, mteja anajuaje taa hizi zina maana gani?"

"Mimi namwambia."

"Na akishafika Butembo, akisahau?"

"Anapiga simu. Namwambia tena."

"Hajati, mashine nzuri hujieleza yenyewe. Niachie nikuandikie maneno. Mimi shuleni Kiswahili nilipata A."

Hajati akanitazama, mkononi ameshika koleo. "Sifuna, hizo ni langi tu. Mtu anaona langi. Kuku hasomi."

"Mwenye kuku anasoma."

Akacheka, akaniachia. Nadhani alinihurumia kwa sababu ya suruali.

Chini ya taa nyekundu niliandika PASHA, kwa maana mashine inapasha joto. Hapo sikupata shida. Shida ilikuwa taa ya kijani, inayowaka joto likishafika pale linapotakiwa. Kwanza niliandika JOTO LIMEFIKIA KIWANGO KINACHOFAA. Maneno yakaanzia kwenye mlango, yakapinda kona, yakaishia nyuma ya mashine karibu na feni. Hajati akasema mteja atalazimika kuizunguka mashine kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango.

Nikatafuta neno fupi. Nikalipata, na nililipenda sana: TOSHA.

Kwetu Kenya, ukitaka kusema kitu kimefika, kimekamilika, usiongeze wala usipunguze, unasema tosha. Wakati wa kura nchi nzima hulipiga kelele neno hilo mpaka sauti zikauke. Hakuna asiyelijua. Nikakata herufi kwenye karatasi ngumu, nikapaka rangi nyeupe, nikarudi nyuma kuitazama kazi yangu. Ilipendeza kweli.

Hajati akauliza, "Umeuriza Mkongo yeyote?"

"Nimuulize nini, Hajati? Kiswahili ni Kiswahili."

Sikio la kufa halisikii dawa, na langu hata halikuugua. Lilikuwa zima kabisa, likafa ghafla.

Sasa hapo ndipo mapenzi yanapoingilia, maana balaa langu haliwezi kutembea peke yake.

Karibu na karakana kuna saluni, na ndani ya saluni anasuka nywele binti mmoja wa Kikongo anayeitwa Reine. Sitamweleza. Mkitaka kujua alivyo, jueni tu kwamba mimi nilikuwa nanyoa kichwa chote na bado nilikuwa naenda saluni kila siku. Yeye naye akanikubali, Mungu ndiye anayejua kwa nini. Aliyekuwa hanikubali ni mama yake.

Mama Emérence huuza sombe, yaani kisamvu, pale Kalerwe sokoni, na anakaa nyuma ya soko hilohilo. Alikimbia vita kutoka vijiji vya Butembo akiwa na Reine mgongoni, na kifuani, ndani ya kitenge, kuku jike na jogoo. Watu walimcheka njiani. Kuku hao wakatembea naye, wakavuka naye mpaka, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Mwanamke huyu hana shamba tena, hana nyumba, hana hata picha ya mume wake. Alichobaki nacho cha kwao ni kuku.

Sasa mbwa wa mtaa waliingia bandani mchana mmoja, yeye yuko sokoni. Aliporudi akakuta manyoya. Kuku wote wamekwisha. Kilichosalia ni kikapu cha mayai aliyoyakusanya ndani ya nyumba, na hakuna kuku wa kuyaatamia.

Reine alinisimulia huku analia. Nami, mwana wa Bungoma, nikaona mlango wa mbinguni umefunguka.

"Mwambie mama asilie," nikasema. "Mashine ninayo."

Niliomba mashine kwa Hajati, nikaipakia kwenye bodaboda, nikaipeleka Kalerwe mwenyewe. Mama Emérence akaizunguka, akaigusa, akasoma maneno mbele yake polepole. Kisha akanikazia macho.

"Fundi," akasema, "mayai haya njo kwetu. Hakuna kwetu kwingine. Ukiokoa hizi kuku, leta wazee wako tuongee habari ya Reine. Zikikufa, usirudie tena ku hii nyumba."

"Mama, usiwe na wasiwasi. Wewe fuata tu mashine inavyokuambia."

Ndiyo. Nilimwambia hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Wiki moja ikapita. Ni wakati ambapo yai humulikwa kwa tochi, ukaona kama ndani kuna mishipa au hakuna kitu. Nikaona nitumie nafasi hiyo kwenda na mtu mzima, ili shughuli mbili zimalizike kwa safari moja. Wazazi wangu wako mbali, kwa hiyo nikamwomba Hajati anisimamie kama shangazi. Waganda wana heshima yao kwa shangazi, wanamwita ssenga, na Hajati alilipenda jambo hilo mno. Akavaa gomesi yake ya zambarau, akabeba sukari na sabuni.

Tulimkuta Mama Emérence amekonda. Macho yamezama. Mashine iko sebuleni juu ya meza, imetandikiwa kitenge kizuri, na kando yake kikapu chenye blanketi dogo la mtoto. Nikaona ni mapambo. Mimi ndiye fundi, na niliona ni mapambo.

"Karibuni," akasema. "Fundi, mashini yako iko na akili. Lakini inasumbua kama mutoto wa kwanza. Wiki yote sijaenda ku soko."

Nikatabasamu. Mtu akikwambia mashine yako ina akili, husikii neno linalofuata.

"Ndiyo, Mama. Mayai yanataka kugeuzwa kila mara."

"Kugeuza ni kazi kidogo. Ile ingine njo inaniua."

Ile ingine. Niliyasikia maneno hayo, yakapita. Nilikuwa namtazama Reine, ambaye alikuwa amevaa gauni la njano.

Hajati akaomba maji ya kutawadha, saa ya swala ilikuwa imefika. Akatoka nyuma ya nyumba. Tukabaki watatu, mama akaanza kunimiminia chai. Na chai ikiwa katikati ya birika na kikombe, taa ya kijani ikawaka.

Mama Emérence akaweka birika chini. Akafuta mikono. Akafungua mlango wa mashine, akaanza kuyatoa mayai, moja moja, kwa upole ambao ungedhani anawatoa watoto waliolala. Akayapanga kikapuni, akayafunika na blanketi. Kisha akakaa kwenye kigoda, amekodolea macho ile taa.

Mashine, mlango ukiwa wazi, ikapoa. Taa ya kijani ikazima, nyekundu ikawaka. Mama akainuka, akayarudisha mayai yote ndani, akafunga mlango, akashusha pumzi.

"Haya," akasema. "Kunywa chai mbele taa haijaniita tena."

Nilidhani ananionyesha mayai. Nawaapia nilidhani hivyo kwa muda. Lakini nilipopeleka kikombe mdomoni, taa ya kijani ikawaka tena, na mama akainuka tena.

Nikamkonyeza Reine. Tukatoka hadi kwenye jiko la makaa barazani, ambapo sufuria ya sombe ilikuwa inachemka.

"Reine, mbona mama anayatoa mayai?"

"Si taa inamwambia?"

"Taa inamwambia nini?"

"Tosha."

"Ndiyo, tosha. Sasa mbona anayatoa?"

Akaniangalia kama anayepima kama nina homa. "Sifuna, taa inasema tosha, mama anatosha. Ulitaka afanye nini?"

"Nilitaka asiyaguse. Tosha ni tosha."

"Ndiyo. Tosha ni tosha."

Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake amerukwa na akili.

"Hebu nionyeshe," nikasema. "Wewe ukisema tosha, unafanya nini?"

Reine akachukua kitambaa, akashika sufuria masikio yote mawili. "Sombe imeiva. Natosha sufuria ku moto." Akaiinua, akaitua chini. "Nimetosha. Umeona?"

Niliona. 

Yaani kwao kutosha ni kutoa. Watu hao wanatosha nguo kwenye maji, wanatosha kiti sebuleni, wanatosha mtu ndani ya basi. Na mimi, mwenye A yangu ya Bungoma, nilikuwa nimewaandikia kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, chini ya taa: TOA. Na taa hiyo huwaka na kuzima kutwa kucha, kila baada ya muda kidogo, kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa.

"Kwetu," nikasema, na sauti ilinitoka nyembamba, "kwetu tosha ni kusema kitu kimefika. Hakuna haja ya kuongeza."

Reine akaitazama sufuria. "Kwa hiyo taa ilikuwa inasema joto ni sawa."

"Ndiyo."

"Na mayai yabaki ndani."

"Ndiyo."

"Na mama wiki nzima analala chini mbele ya mashine, anaamka, anatosha, anarudisha." Macho yake yakajaa. "Nilimuuliza juu ya nini anafanya vile. Akaniambia kuku naye huondoka juu ya mayai, anaenda kula, mayai yanapata hewa, kisha anarudi. Akasema mashine inajua, inafanya kama kuku. Alikuwa anakusifu, Sifuna."

Hapo ndipo nilipotamani wale mbwa wa Mbuya wangenimaliza. Miaka yote nimekuwa nikilaumu watu kwamba hawafuati mashine inavyosema. Sasa nimempata wa kwanza kuifuata neno kwa neno, na nimemuua kwa kazi yeye na mayai yake.

"Mwambie," Reine akasema. "Sasa hivi, Hajati hajamulika bado."

"Nitamwambia."

"Wewe. Si mimi."

"Nimesema nitamwambia, Reine."

Na nilikuwa nakusudia kweli. Kutoka barazani hadi sebuleni nilikuwa mtu mkweli kabisa.

Tulipoingia, Hajati alikuwa amemaliza kuswali na amekwisha kuvuta pazia. Simu yake iko mkononi, tochi inawaka. Ameshika yai, ameliinua mbele ya mwanga, analizungusha. Akaliweka chini, akachukua jingine. Mama Emérence alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameikutanisha kifuani.

Nilijua kabla hajasema. Yai lenye uhai lina mishipa kama mizizi midogo, hata mtoto huiona. Haya yalikuwa na kivuli tu, na duara jekundu lililokwama ubavuni.

"Hili limekufa," Hajati akasema. Akachukua jingine. "Na hili." Akayamaliza yote, na kila alipoweka moja chini, mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kana kwamba anaitwa jina.

"Yote yamehalibika," Hajati akasema mwisho, kwa sauti ya chini. "Pore sana, nnyabo. Pore. Yalianza kuishi, yakakufa. Yalipata balidi. Lakini mashine yangu haifanyi hivi." Akanigeukia. "Sifuna, ni nini?"

Wote watatu wakaniangalia.

Sasa ndugu zangu, mlikuwa wapi nyinyi niwaombe ushauri. Maneno yalikuwa mdomoni, yamejipanga. Mama, kosa ni langu, nimeandika neno baya. Ni sentensi fupi hata kwenye mashine ingeenea. Nikafungua mdomo.

"Stima," nikasema.

"Stima?" Hajati akauliza.

"Ya hapa Kalerwe. Inapanda, inashuka. Balbu zinapoa, na mtu hawezi kujua. Hata mashine ya kutoka ulaya ingeshindwa."

Nilizungumza sana. Nilizungumza habari za nyaya na nguzo. Sikumtazama Reine, lakini upande ule wa uso wangu uliokuwa kwake ulikuwa unaungua.

Mama Emérence akakaa chini kwenye mkeka. Akachukua yai moja, akalifunga ndani ya viganja, akalia. Hakupiga kelele. Alilia kama mtu aliyechoka, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikiwa na kikombe cha chai yake mkononi, na nilijichukia kama sijawahi kujichukia.

Baadaye akajipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Fundi, ikala."

Nikakaa.

"Nilikuambia, kama zitakufa usirudie. Nilisema vile juu ya hasira. Lakini stima si yako. Wewe ulileta mashini ku mugongo wa piki, ukakuja na mama huyu kunisalimia. Mimi nimedanganywa na watu wengi mu hii maisha. Mutu wa kunidanganya namujua ku macho." Akanishika mkono. "Wewe sikuoni vile."

Hajati akapiga vigelegele vidogo. Mimi nikatazama sakafu.

"Na tena," mama akaendelea, na sasa uso wake ukaanza kurudi kama wa mtu aliye hai, "kuku zangu hazijakwisha. Siku ile ulileta mashini, niligawanya mayai mara mbili. Nusu nilibakia nayo. Nusu nilimupa ndugu yangu Kakule, alikuwa anarudia Butembo. Nikamwambia, kuku zirudie nyumbani mbele yetu. Kama za huku zitakufa, za kule zitaishi. Siwekake mayai yote ku kikapu moja, mimi nimekimbia vita."

Mayai mengine. Mungu si Sifuna.

"Na ndugu yako anayaatamisha na nini, Mama?"

"Na mashini."

"Mashine gani?"

Hajati ndiye aliyejibu, kwa furaha. "Si Kakule yule mrefu wa kofia? Alichukua kwangu mashine, siku ireire. Mpya kabisa. Yenye maneno yako, Sifuna."

Reine akaketi ghafla kwenye mkono wa kochi.

"Alikwama ku mupaka," mama akasema. "Jana njo alifika. Ameyatia leo asubuhi. Yeye iko na sola, hana mambo ya stima ya Kalerwe. Kwa hiyo fundi, mukwe wangu, usiogope. Zile zikiangua tu, leta wazee. Nimekubali mbele ya mama huyu."

Mukwe wangu. Nimengoja neno hilo tangu mwaka jana. Nilipanga hata namna nitakavyolijibu. Sasa lilikuja, likanikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Reine akasema kwa sauti ndogo, "Sifuna."

"Nitampigia," nikamnong'oneza. "Nikitoka tu hapa. Nitampigia Kakule, nitamwambia, hakuna atakayejua." Niliipanga yote kichwani kwa dakika moja: simu moja nje, kopo la rangi kesho, na mimi ni mkwe.

Hapo simu ya mama ikaita.

Akaitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Kakule huyu. Mungu anasikia." Akaibonyeza, akaiweka mezani isikike kwa wote.

"Dada, jambo," sauti ya mwanamume ikajaa sebule nzima, nyuma yake watoto wanapiga kelele. "Mashini iko inatumika muzuri. Ilikuwa na taa nyekundu tangu asubuhi. Sasa hivi imewaka ya majani. Imeandika tosha. Watu wote wa nyumba wako hapa wanaangalia. Nimeshafungula mulango."

"Aksanti Yezu," mama akasema.

"Nitoshe?"

"Tosha, ndugu. Tosha mbio, tia mu kikapu, funika na kitu ya moto. Nyekundu ikirudi, unarudisha. Vile vile kutwa. Usichoke."

"Sawa, dada. Naanza kutosha."

Nilimtazama Reine. Alikuwa ananitazama, na machoni mwake hamkuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, anione mimi ni mtu wa namna gani. Nikinyamaza, mayai yatakufa huko Butembo kama haya ya hapa, nitaisingizia sola, na nitaoa. Nikisema, kuku wataishi. Simu ya siri haifai tena, maana Kakule atamuuliza dada yake kwanza. Njia mbili, na hakuna ya katikati.

"Nimetosha la kwanza," sauti ikasema kwenye simu. "Dada, lina joto kama mukate."

Nikaruka. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagikia gomesi ya Hajati.

"Mjomba, usitoshe," nikaipigia simu kelele. "Lirudishe. Funga mlango. Usitoshe hata moja, taa iwake izime, wewe usiguse."

Nikasikia mlango wa mashine ukifungwa, taratibu.

"Sawa, fundi," Kakule akasema. "Nimerudisha."

Hajati alikuwa anasoma maandishi kwenye mashine, midomo inacheza, na nilimwona anapofika kwenye lile neno na kulielewa. Mama Emérence hakusoma. Alikuwa bado ameshika lile yai lake mkononi, ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa mpole, wa mtu anayetaka tu kujifunza kazi.

"Juu ya nini asitoshe, mukwe?" akaniuliza. "Mimi si nilitosha?"